Kifaru cha Vipande Vichache

Kaka yangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mkonge, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliunda vifaru vya plastiki. Nasema vifaru vya vita, vile vya Wajerumani vya Vita vya Pili, vilivyopunguzwa mpaka kimoja kinakaa juu ya sinia. Boksi la kwanza aliachiwa na mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Mengine aliyatafuta mwenyewe kwa mabaharia, kwa watu wa Mombasa, na miaka ya mwisho katika duka moja la mitumba hapa Tanga linaloletewa midoli ya Ulaya.

Majirani zetu wa Usagara walimcheka. "Fundi, umeshamaliza kucheza au turudi kesho?"

"Rudini na gundi," huwajibu, bila kuinua kichwa.

Nilimuuliza siku moja kwa nini vya Wajerumani. Akasema si kwa mapenzi. Walikuwa wameviunda vizito mno, gia zikawa zinakufa njiani, na yeye maisha yake yote alilipwa kutengeneza mashine zinazokufa njiani. Askari wadogo waliokuja ndani ya maboksi hakuwaunganisha. Mama husali katika chumba alimovipanga na hataki sanamu za watu, kwa hiyo vifaru vya kaka vyote vilikuwa vitupu, vifuniko vimefungwa.

Mimi niliishia darasa la saba. Nashona nguo. Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza lile lile alipokaa yeye na kisu chake, nikajifunza bila kufundishwa. Ukitaka kulinganisha maboksi mawili, picha ya juu usiiangalie, maana mchoraji hupamba. Fungua. Tazama fremu zilizoshika vipande. Ukiona pembeni mwa kila kipande pana utando mwembamba wa plastiki, ujue kalibu iliyomiminiwa plastiki imechakaa, na utakwangua mpaka uchoke. Tazama magurudumu, kama yamepandana kama magamba ya samaki au yamekaa moja moja. Mwisho tazama mnyororo. Kuna wa ukanda wa mpira, unauzungusha mara moja umekwisha. Na kuna wa vipande, kimoja kimoja, karibu mia mbili kwa pande zote mbili. Ule wa mpira aliudharau. Alisema ni wa mtu mwenye haraka.

Alipougua, daktari alituita mimi na mama nje ya wodi. Akasema ini limekwisha, tumrudishe nyumbani tumtunze. Nikauliza muda. Akasema miezi, na isitegemewe kuzidi mitatu. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Asiambiwe. Umenisikia?"

Kwetu mgonjwa haambiwi. Ndugu wanajua, majirani wanajua, muuza maziwa anajua. Anayeumwa peke yake ndiye anayeambiwa ni vidonda vya tumbo. Nami nilimwambia vidonda vya tumbo, nikimtazama usoni.

Mwezi ukapita. Siku moja akaniambia amechoka kulala mikono mitupu. "Nenda dukani, nasikia yameingia maboksi mapya. Chagua wewe. Unajua kuchagua." Hakutaja kifaru gani. Sijui kama alinituma kwa makusudi, na sikuwahi kumuuliza.

"Unamnunulia mjukuu, mama?" muuzaji aliniuliza.

"Kaka yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa."

Akacheka, akayashusha yote mawili juu ya meza. Moja lilikuwa Taiga, kifaru kikubwa chenye magurudumu ya kupandana. Kalibu safi, kingo kali, mnyororo wa vipande. La pili lilikuwa Panza ya Pili, kifaru kidogo cha mwanzo wa vita. Boksi lake lilikuwa limepauka, utando kila mahali, mnyororo wa mpira.

"Mchukulie kikubwa, mama. Hiki kidogo kimekaa hapa mpaka nimekizoea."

Mtu yeyote aliyekaa na kaka yangu wiki moja angechukua Taiga. Bei zilikaribiana, kwa hiyo siwezi kujificha hapo. Lakini Taiga kaka angeiunda kwa miezi minne akiwa mzima, na sasa kikombe cha uji tu kilikuwa kinamtetemeka mkononi. Nilitaka aone kitu kimekwisha. Nikachukua kidogo.

Nilimkuta ameegemea mto karibu na dirisha, mama yuko jikoni. Akafungua boksi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa fremu. Akavuta ule ukanda wa mpira, akauachia ukarudi.

"Kilikuwepo hiki tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Ilikuwepo na Taiga."

"Mnyororo?"

"Vipande."

"Kalibu?"

"Safi."

"Ghali sana?"

"Karibu sawa."

Akafunika boksi taratibu, kona zote nne. "Basi wamesema miezi mingapi?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akaniuliza tena, kwa sauti ile ile.

"Mitatu," nikasema. "Mmoja umeshapita."

"Na hiki ulinipigia hesabu ya wiki mbili."

"Tatu. Mikono yako inatetemeka."

Akacheka mpaka akakohoa. Mama akaita kutoka jikoni, "Mnacheka nini huko?"

"Mwanao huyu hajui kuchagua, mama!"

Kisha akanivuta karibu. Akasema mama asijue kwamba yeye anajua. Siri ile ndiyo inayomsimamisha mama, ikivunjika ataanguka. "Karudishe hiki. Niletee Taiga."

"Hutaimaliza, kaka."

"Najua. Ila mama akiniona nimeanza kazi kubwa, atasema huyu ana mpango wa kuishi."

Nikarudi dukani. "Kaka kakataa?" muuzaji akauliza. Nikamjibu kakataa. "Si nilikwambia!"

Akaianza siku ile ile, sinia mapajani. Mama alizoea kuleta kiti akakaa naye baada ya sala ya alasiri, na kila siku aliuliza kitakwisha lini.

"Baada ya Ramadhani, inshallah."

Ramadhani ilikuwa mbali. Mama alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, anamwambia asiharakishe. Nami barazani, nje ya dirisha lake, nakanyaga cherehani, nashona mshono niliokwisha kuushona. Aliunganisha sehemu ya chini ya kifaru na magurudumu ya upande mmoja. Vipande vya mnyororo vilifika arubaini na kitu. Baada ya hapo hakuweza. Lakini akisikia ndala za mama zinakuja ukumbini, alikuwa anashika kisu na kipande, anajifanya anakwangua, na mama akitoka anavilaza vyote kwenye shuka na kufumba macho.

Alifariki asubuhi. Tulimpeleka Kigombe, kijijini kwetu, akazikwa alasiri karibu na baba. Wanawake tulikaa ndani, nami nilikuwa namimina chai. Mama alikuwa katikati yao kwenye mkeka, anawaeleza.

"Mwanangu hakujua. Hilo namshukuru Mungu. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa na kazi yake kubwa, ananiambia atamaliza baada ya Ramadhani. Muulizeni dada yake."

Wakanigeukia wote.

"Hakujua," nikasema.

Mwaka umepita. Mbele ya watu mama hulisema jambo hilo kwa uhakika. Tukiwa wawili tu huniuliza: kweli hakujua? Mara nyingine nataka kumwambia kwamba kaka alijua, na kwamba nguvu zote alizobakiwa nazo alizitumia kwa ajili yake mama. Nadhani hakuna kitu kikubwa zaidi ambacho mama angeweza kukijua juu ya mwanawe. Lakini nilikatazwa, na aliyenikataza hayupo kuniruhusu.

Juzi mama aliuliza tena, nikiwa namsuka. Nikamwambia hakujua. Akainamisha kichwa nifikie nywele za kisogoni.