Meli Iliyokwisha Kutoboka

Siku hizi Khalfani hataki kusikia. Kila mkewe, Kuruthumu, akianza habari za baada yake, mzee hukimbilia uani kutafuta kazi isiyokuwepo. Moyo wa mama wa watu umechoka, daktari hakuficha, naye anataka jambo moja tu kabla hajaondoka: ajue mumewe ataishi wapi na ataishi vipi. "Mama Hasna, usituchurie," Khalfani humjibu. Majirani wa Ujiji wanaowajua hucheka, maana neno hilo lilikuwa la Kuruthumu, na aliyekuwa akikemewa ni Khalfani.

Enzi zile alikuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia, kwenye meli ya mafuta iliyokwenda Bujumbura. Enzi tamu jamani! Ukipita Katonga wachuuzi wanakunusa dizeli kabla hawajakuona, nawe unatembea kifua mbele. Nahodha Dismasi hakupakia wala kung'oa nanga kabla ya kuuliza: "Tumeshatobolewa. Wapi?" Ndivyo sheria ya meli za mafuta ilivyotaka. Meli haihesabiwi ikiwa nzima, inahesabiwa ikiwa imeshaumia. Unachukulia tangi moja limepasuka, mafuta yametoka, maji yameingia, kisha unatafuta itainama kiasi gani na kama itasimama bila kupinduka. Halafu unahamia tangi jingine. Hesabu ikikataa hata kwa tangi moja, mzigo unapangwa upya. Mabaharia walishindana kujibu, na aliyekosea aliwapikia wenzake chai.

Mchezo huo Khalfani akauleta nyumbani. "Chukulia paa limeezuliwa," alikuwa akisema wakiwa wanakula, na Kuruthumu akimwinulia mwiko. "Koma! Wenzenu wanasafiri kwa dua, nyinyi mnasafiri kwa kujichuria!"

Ukafika mwaka wa tisini na sita, vita kwa Warundi, ziwa likajaa watu wanaokimbia. Meli ilikuwa inarudi tupu walipokuta boti la wakimbizi linazama karibu na miamba. Dismasi akasogea. Watu walipanda wote, wazee na watoto, lakini mwamba ukalichana tangi la kulia na meli ikaanza kulala. Wageni wakabanana kwenye ukingo wa kulia, wanalililia boti lao na vyombo vyao. Khalfani akawapigia kelele kwa Kiha, na Warundi wakamwelewa: "Mwicare hasi!" yaani kaeni chini. Akawaketisha upande wa kushoto, mmoja mmoja. Meli ikainama, ikazidi kuinama, kisha ikatulia palepale walipohesabu asubuhi kabla ya kung'oa nanga.

Kuruthumu alikuwa Katonga akinunua dagaa. Alipoiona meli inakuja imelalia ubavu, akaacha kikapu akakimbia hadi bandarini.

"Mmejichuria mpaka mmepata!" akafoka, huku amemng'ang'ania mkono.

"Tusingejichuria, tungezama," akasema Khalfani.

Kuruthumu akamwachia mkono. Alikwenda kuazima sufuria, akawapikia wageni uji, na tangu siku hiyo mwiko haukuinuliwa tena.

Meli yenyewe ilikatwakatwa ikauzwa vyuma chakavu. Khalfani aliikumbuka kila alfajiri, na kila alfajiri Kuruthumu ndiye aliyemwamsha, akamtafutia miwani na kumpimia dawa ya presha.

Juzi Kuruthumu akamwita chumbani. Safari hii mzee hakupata pa kukimbilia.

"Tumeshatobolewa," mkewe akasema, akimwigiza Dismasi. "Wapi?"

Khalfani akakaa kitandani.

"Upande wako," akasema.

"Enhe. Maji yameshaingia. Unainama kiasi gani?"

"Sana, mama Hasna."

"Na unasimama?"

"Nasimama."

"Muongo wewe! Hata miwani yako huioni bila mimi. Panga upya."

Machozi yakamtoka serahangi, akayaacha yatiririke. Akatafuta hesabu nyingine, akakosa, akarudi kwenye ile aliyokuwa akiikwepa tangu mwaka jana.

"Nitahamia Simbo, kwa Hasna," akasema. "Hapa peke yangu sisimami."

"Hapo sawa," Kuruthumu akasema, akamsogezea mto naye ajilaze.