Aliyetuma wa Kwanza Ndiye Aliyefutwa

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nakeno Epuyo ameketi kwenye meza isiyo yake katika ofisi ya kuandikisha familia zinazopokea chakula. Kidole chake kiko juu ya kitufe cha kutuma. Meza ya pili, karani Ejore amekaa vivyo hivyo. Wote wawili wanasubiri jenereta.

"Ikinguruma tu, bonyeza," Nakeno anamwambia. "Leo nataka tugongane."

"Mimi ni mzito wa vidole, dada. Hata kwa hilo utanipita."

Jenereta inanguruma. Vidole vinashuka. Orodha mbili zinaingia, moja baada ya nyingine, na hakuna jina lililopotea. Ejore anapiga makofi. Nakeno hatabasamu.

"Nimebadilisha mistari minne ya programu," anasema. "Minne tu. Na mtu amekaa nyumbani miezi mitano."

Mtu huyo ni Nyuon, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa mwenye meza aliyoikalia Nakeno asubuhi hii. Kwa miezi mitatu mfululizo, familia 212 alizoziandikisha hazikuonekana kwenye orodha kuu. Familia za Ejore zote zilikuwepo. Wakubwa wakakata shauri kwamba Nyuon anauza majina. Siku ya mgao, mbele ya foleni nzima, ofisa mmoja alishika kipaza sauti akatangaza kuwa karani mwizi amefukuzwa.

Nakeno, 29, mzaliwa wa Lokiriama, hutengeneza programu za kompyuta mjini Lodwar. Alipewa kazi ya kukagua mfumo huo baada ya Nyuon kufukuzwa. Aliusoma wiki mbili. Kila alipoujaribu Lodwar, ulifanya kazi vizuri.

"Lodwar umeme upo. Kila mtu anatuma akifika, akishakunywa chai," anaeleza. "Nikajiuliza, Kakuma wanatumaje?"

Akasafiri kilomita 120 kwenda kuona. Makarani wa Kakuma huandika majina jioni kwenye laptopu zenye chaji. Mtandao hurudi jenereta inapowashwa saa mbili asubuhi. Hapo Nyuon na Ejore walikuwa wakituma kwa pamoja.

Aliyetengeneza mfumo hakuliwazia hilo. Kila orodha iliyotumwa ilihifadhiwa kwanza kwenye faili la muda, kabla ya kunakiliwa kwenye orodha kuu. Faili hilo lilipewa jina kutokana na saa na dakika. Orodha mbili zikifika dakika moja, zilipata jina moja, na ya pili iliandikwa juu ya ile ya kwanza. Mfumo haukulalamika.

Nyuon alikuwa mwepesi kuliko Ejore. Kila mara alitangulia kwa sekunde chache. Kila mara ndiye aliyefutwa.

"Nilikuwa namfuta rafiki yangu na sijui," anasema Ejore. "Tena nilikuwa namcheka, namwambia Nyuon, haraka ya nini, unakimbizwa na nani?"

Karani aliyechukua nafasi ya Nyuon hutuma saa tatu, bila haraka. Majina yakaacha kupotea. Wakubwa wakasema huo ndio ushahidi.

Agot, mama wa watoto wanne, ni mmoja wa walioachwa nje. Alikuwa amemwandikisha mtoto mchanga. "Waliniambia mtoto hayuko kwa kompyuta, kwa hivyo hayuko," anasema. "Na mimi nimembeba hapa mgongoni, analia. Wanamsikia."

Kuna jambo jingine linalomkera Nakeno. Mafaili hayo ya muda yalikaa kwenye folda iliyo wazi kwa kila mtumiaji, na hayakufutwa. "Hawa ni watu waliokimbia kuuawa. Majina yao na mahali wanapolala, yeyote mwenye kompyuta ya ofisi angeyasoma. Hili si jambo gumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hufundishwa."

Sasa mfumo hulichagulia kila faili jina lisiloweza kukisiwa, na hukataa kuunda faili ikiwa jina hilo tayari lipo. Faili hufungwa ili asiyehusika asilisome, na kazi ikiisha linafutwa.

Familia 212 zimerudishwa. Nyuon bado.

Nakeno alipopeleka ripoti, aliambiwa mambo yasawazishwe kimya kimya. Karani anaweza kurudi kazini, lakini bila barua wala tangazo, ofisi isiaibike.

"Yeye aliaibishwa, hakuna aliyejali," anasema, na sauti inapanda. "Wangeniuliza mimi kabla ya kushika kile kipaza sauti. Wangemuuliza yeyote."

Nyuon anaishi vibanda vichache kutoka ofisini. Siku hizi huteka maji jioni, foleni ikishapungua, asikutane na watu. Nakeno anamsalimu kwa Kiturkana, ejok, naye anamvutia kiti.

"Dada, watu bado wananiuliza bei ya jina," anasema Nyuon. "Nawaambia langu liko, chukueni bure, limeshaharibika."

"Wamesema urudi Jumatatu."

"Kwa mlango wa nyuma?"

Nakeno anakiri kuwa ndivyo.

"Waliniita mwizi kwa foleni. Waseme kwa foleni."

Mgao ujao ni Ijumaa. Nakeno ameandika ombi rasmi la kusema na watu dakika tano, na ombi hilo halijajibiwa. Ameandaa maneno yake kwa Kiswahili. Agot atayarudia kwa Kidinka, na Ejore amejitolea kusimama akiri ni orodha yake iliyofuta ya mwenzake.

"Wakikataa kunipa kipaza sauti, nitaanza mwisho wa foleni," anasema Nakeno. "Nitamwambia mmoja mmoja, mpaka nifike dirisha la mgao."