Saa ya Nyuso Mbili

Juzi pale Malaba, mpakani, nilimkuta kaka yangu akipaka grisi saa kubwa ya soko, ile babu aliyoiunda na baba akarithi kuitunza. Harufu ya grisi ikanirudisha kwenye jioni moja ya utoto.

Saa ilikuwa na nyuso mbili, moja ikitazama Kenya, nyingine Uganda. Nikiwa nimeshika ngazi, nilimwona baba akisukuma mshale wa upande wa Uganda dakika kumi mbele. Wa Kenya hakuugusa.

"Baba, unadanganya nani?"

"Shika ngazi, wewe polisi."

Basi nikajua baba yangu ni mwizi. Kila aliyepita akitazama juu, nilidhani ni mpelelezi.

Mara mama akatokea upande wa Uganda akikimbia, macho kwenye saa, beseni la dagaa wa omena kichwani.

"Wamefunga geti la mpaka?" akauliza akihema.

"Bado kidogo. Leo umewahi."

Wiki iliyotangulia alikuwa amefungiwa ng'ambo, tukalala bila yeye. Lakini mimi sikuunganisha mambo. Nilimkazia baba macho hadi nyumbani.

Baba ametutoka. Mama bado anajisifu kwamba tangu siku ile hakuchelewa tena, nami humwongezea chai.