Mwano Ndani ya Maktaba

Ipo Jumamosi moja ambayo hata nikizeeka mpaka nikayasahau majina ya wanangu, yenyewe sitaisahau. Ndiyo siku niliyomsikia Bi Tausi, mkuu wa maktaba ya mjini, mwanamke aliyeweza kukutoa nje kwa kosa la kukohoa, akipiga kigelegele katikati ya rafu za vitabu. Kigelegele kirefu, cha harusini. Nilikuwepo, na kwa kiasi fulani mimi ndiye niliyekisababisha.

Mwanangu, jana ulipofika hapa nyumbani Pasiansi ulipokewa begi mlangoni, ukaniamkia shikamoo ya haraka haraka, ukasema unataka kubadilisha masomo. Eti utawala wa umma na sera hauna vitabu, umetafuta hadi umechoka. Nilikuitikia marahaba, nikakusogezea sahani ya samaki wa sato, nikakuacha ule. Sikutaka kuanza maneno yangu marefu wakati mwenzangu anapambana na miiba. Leo umeshashiba na umelala vizuri, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Sikiliza.

Ujana wangu ulinikuta karani wa mapokezi katika ofisi ya kata moja ya Ilemela. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaambia watu wakae kwenye benchi wasubiri. Ofisi ikapata nafasi moja ya kumpeleka mtumishi akasomee stashahada ya utawala wa umma, nikapewa mimi. Mkuu wangu hakuzunguka mbuyu. Alisema, "Kabula, ukifaulu utapanda. Ukifeli utarudi kwenye kiti chako cha mapokezi, na nafasi kama hii usiitegemee tena." Na mimi kile kiti nilikuwa nimekichoka hadi basi. Nilitaka siku moja niwe mtu wa kuamua jambo, si wa kusema bwana mkubwa ametoka kidogo.

Masomo mengine niliyamudu. Tulipofika kwenye sera, mwalimu akatupa kazi moja iliyobeba karibu alama zote za muhula. Tulitakiwa kueleza jinsi sera inavyotoka kwenye karatasi za wizara hadi ikawa maji bombani au dawa zahanati, na ni wapi inakwama njiani. Akataja kitabu kinene chenye jalada la kijani. Akasema kiko maktaba ya mjini, nakala moja tu, hakiazimwi, kinasomewa palepale. "Bila hicho mtaniandikia porojo," akatuaga.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Droo za kadi zilisema kipo: jina lake, namba yake, rafu yake. Nikaenda rafuni nikakuta pengo. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, pengo likawa lile lile. Nikapiga moyo konde, nikamuuliza Bi Tausi. Alinijibu bila kuinua macho, "Hakijatoka mlangoni. Mlango wenyewe ni mimi."

Sasa ona tulivyokuwa. Kila mmoja wa darasa letu alikuwa akija maktaba kwa wakati wake, ananyata, anapita kwenye ile rafu kama mtu aliyepotea njia, anachungulia, anaondoka. Ukimuuliza mwenzako amekipata, anakujibu, "Nakisomasoma." Nami nikiulizwa nilijibu hivyo hivyo, maana nani alitaka kuonekana mjinga? Niliamini kabisa kwamba wenzangu wote wanacho na mimi peke yangu nimeachwa. Kulikuwa na kijana mmoja wa Ukerewe, Magesa, kichwa cha darasa. Huyo hakujibu kitu, alikuwa anatabasamu tu. Nasema kweli, lile tabasamu nililichukia.

Siku za kuwasilisha kazi zikazidi kukaribia, na karatasi yangu haikuwa na kitu zaidi ya jina langu. Nililala nikikiota kile kiti cha mapokezi. Jumapili nikaenda nyumbani Kisesa kwa wazazi, uso nimeuvuta hadi kidevuni. Babu yako, Mzee Masanja, alikuwa uani anasuka kamba ya kufungia ndama. Akaniuliza nimenunia nini.

"Kitabu kimepotea, baba."

"Kimepotelea wapi?"

"Ndani ya maktaba."

"Umepiga mwano?"

Nikacheka. Yeye hakucheka hata kidogo. Wewe umezaliwa mjini, pengine hujawahi kuusikia. Mwano ni ule ukelele wa Kisukuma wa kuita watu panapotokea hatari, au ng'ombe anapopotea. Mmoja akiupiga, jirani anaupokea, na wa mlima wa pili anaupokea, hadi kila mwenye miguu yuko nje. Hakuna kuuliza ng'ombe ni wa nani. Na asiyetoka, kesho yake anatakiwa aeleze alikuwa wapi.

"Kaka yako Shija alipopoteza yule ng'ombe mwekundu tulimpataje?" baba akaniuliza. Nilikumbuka. Shija alikuwa amemtafuta kimya kimya tangu asubuhi kwa sababu aliona haya kusema. Mama alipojua, alisimama pale pale uani akapiga mwano, watu wakaacha chakula. Jioni haijaingia, ng'ombe akakutwa amekwama kwenye tope la majaruba ya mpunga, hai.

"Haya za Shija ndizo zilizotaka kumuua yule ng'ombe," baba akasema. "Na wewe unafanya yale yale, na shule umemzidi! Unasomea mambo ya watu wote, kitu cha watu wote kimepotea, unakitafuta peke yako kwa kunyata. Hivi huko chuoni mnafundishwa nini?"

Mwanangu, maneno yale yaliniingia. Nilirudi mjini jioni ile nimekasirika, na aliyeniudhi ni mimi mwenyewe. Jumatatu, kabla mwalimu hajaingia, nikasimama mbele ya darasa.

"Jamani, mimi kile kitabu sina. Hata jalada sijaliona. Nikiwaambia nakisomasoma nilikuwa nawadanganya."

Nikatamani ardhi ipasuke. Halafu mama mmoja, mtendaji wa kijiji kutoka Misungwi, mkubwa kuliko sisi sote, akaangua kicheko. "Kumbe! Mimi nilijua ninyi vijana mnacho, mnanificha bibi yenu!" Hapo ndipo midomo ikafunguka. Huyu hana, yule hana, wa nyuma hana, wote tulikuwa tunalikodolea macho pengo moja. Tulicheka hadi machozi yakatutoka, na tangu nianze chuo sikuwahi kujisikia mwepesi namna ile.

Nikawaambia, "Basi Jumamosi napiga mwano maktaba. Na Wasukuma waelezeni wenzenu desturi: asiyetoka ndiye tutakayeanza kumuuliza."

Kazi ikabaki kwa Bi Tausi. Nilikwenda na yule mama mtendaji, tukamwamkia kwa adabu zote. Akasema maktaba yake si mnada. Nikamwambia tutapiga mwano wa kunong'ona. Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Akakubali, kwa masharti: tuje asubuhi kabla wasomaji hawajaingia, mikono tuoshe, kila rafu watu wawili, na kitabu kilichokaa pasipo pake kiletwe mezani kwake. "Na atakayenikunjia ukurasa, nitamkunja yeye," akamalizia.

Jumamosi wakaja wote. Wote, mwanangu! Hata wale ambao kila siku husingizia kazi za nyumbani walikuja. Tukagawana rafu na kuanza kitabu kwa kitabu, na kile kijani hakikuonekana. Lakini vilivyoonekana ndivyo vilivyotutoa macho. "Sheria ndogo za halmashauri," mtu akanong'ona, "zilikuwa kwenye mapishi!" Mwingine akaja na sera ya maji, mwingine hotuba za bajeti zimebanwa nyuma ya kamusi. Kwenye kabati la chini tukakuta taarifa za halmashauri zimefungwa kamba, safi kabisa. "Hizo zipo miaka yote," Bi Tausi akasema. "Nani aliziulizia? Ninyi mkija ni kijani, kijani, kijani." Mimi nikaangukia tasnifu ya mwanafunzi aliyetutangulia, ameandika juu ya foleni ya kivuko pale Kigongo, enzi hizo kabla ya daraja: nani anavuka kwanza, nani anaamua, na gari la mgonjwa linafanyaje likikuta malori yamejipanga. Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa, imelala hatua chache kutoka nilipokuwa nalikodolea pengo!

Nilipoinua kichwa nikamwona Magesa. Wenzake walikuwa wanapekua, yeye alikuwa anakwenda moja kwa moja, kama mtu anayejua aendako. Alipita rafu zote, akachuchumaa kwenye ile ya mwisho ya magonjwa ya mifugo, kijana aliyekulia kwenye mitumbwi, akavuta vitabu viwili, akaingiza mkono nyuma yake hadi begani. Akatoka na kijani.

"Jamani, kipo hapa," akasema, bila kumtazama mtu.

Hapo ndipo Bi Tausi alipopiga kile kigelegele. Alipomaliza alijiziba mdomo kwa kanga, lakini alikuwa amechelewa, maana darasa zima lilishampokea. Watu walirukaruka, walikumbatiana, mama mtendaji alicheza hadi kilemba kikafunguka. Mimi nilikuwa natazama shati la Magesa, vumbi limempaka mkono mzima, naye akaniona ninavyolitazama. Ningeweza kusema neno moja tu pale na asingekanyaga tena chuoni. Nikaitazama ile meza iliyojaa, nikawatazama wenzangu walivyofurahi, nikasema, "Hongera, Magesa. Una macho."

Tulipotoka alinifuata. "Kabula, nisamehe, mimi ndiye niliyekificha. Niliogopa tukisoma sote mtanipita."

Nikamwambia, "Ng'ombe ameshapatikana. Wewe utatufundisha sura ile ngumu."

Na alitufundisha. Tuligawana kile kitabu, kila mtu na sura yake, jioni tunakaa kwenye mawe juu ya ziwa kila mmoja anawaeleza wenzake alichosoma. Matokeo yalipobandikwa, hakuna hata mmoja wetu aliyefeli. Kazi yangu juu ya maji na kivuko ilikuwa ya kwanza, juu ya Magesa, na hilo huwa napenda lirudiwe. Niliporudi Ilemela nilikikuta kiti changu cha mapokezi kimekaliwa na mtu mwingine, nikampa mkono wa heri na kupitiliza ndani. Kule ndani nilikaa hadi nilipostaafu, na maamuzi niliyafanya. Bi Tausi naye alitenga rafu karibu na meza yake kwa ajili ya mambo ya utawala na sera, akabandika kadi kwa mwandiko wake: Rafu ya Mwano.

Magesa bila shaka umeshamtambua. Ndiye aliyekupokea begi jana. Ndiyo, huyo huyo baba yako, na ndiyo maana mpaka leo nikikosa miwani yangu humuuliza yeye kwanza.

Kwa hiyo mwanangu, usiniambie hakuna vitabu. Niambie umetafuta peke yako. Rudi chuoni, simama mbele ya wenzako useme sina, kwa sauti, uone wangapi watashusha pumzi. Ukifika maktaba usiulizie kitabu kimoja. Mweleze mhudumu jambo unalotaka kulijua, kwamba unatafuta jinsi halmashauri inavyopanga fedha zake, au kwa nini sheria ya soko haifuatwi, naye atakupeleka usikokujua. Sera haikai kwenye rafu ya utawala peke yake. Iko kwenye maji, kwenye afya, kwenye uvuvi, iko kwenye hotuba za bajeti na taarifa za wakaguzi, iko kwenye tasnifu za waliopita kabla yako ambazo hakuna anayezifungua. Kitabu ukikipata, kabla hujakisoma fungua nyuma kwenye marejeo, uone mwandishi mwenyewe alichota wapi. Na hayo majarida ya kwenye kompyuta mnayosema yamefungwa, nywila anayo mtu wa maktaba, yupo pale analipwa akupe, kamwombe. Tafuta kwa Kiswahili, usipopata tafuta kwa Kiingereza, usipopata uliza tena kesho yake. Usione haya. Haya zilitaka kunirudisha mimi pale mapokezi.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza. Akuzungushie wenzako wa kweli, watakaoacha sahani zao wakisikia unaita, nawe uwe wa kuacha ya kwako. Usome umalize, ukae kwenye kiti cha kuamua, na siku hiyo uwakumbuke waliokaa kwenye benchi.

Nenda, baba yako anakusubiri na begi lako pale mlangoni. Na ukikipata hicho kitabu, mwanangu, usikifiche kwenye mifugo.