Birika Jekundu la Wamalwa

Cheo cha Bethwel Wamalwa kilimfikia akiwa hayupo, na nawaambia ndugu zangu, vyeo vingi hufika hivyo. Mwaka ulikuwa 1984, hapa Eldoret, katika jengo ambalo chini kulikuwa na chama cha wakulima wa pareto na juu shule ya ushonaji. Wamalwa alikuwa tarishi wa wote. Wakubwa walipokutana kuchagua Ofisa wa Moto, yeye alikuwa ameenda kununua maziwa ya chai ya saa nne. Kurudi, akapigiwa makofi.

"Moto uko wapi?" akauliza.

"Bado," akasema Mzee Gathogo, katibu wa chama. "Lakini ukija, ni wako."

Kazi yenyewe ilikuwa ndoo mbili nyekundu za mchanga wa kuzimia moto pale kwenye ngazi. Chama kilisema ngazi ni ya shule, maana inapanda kwao. Shule ikasema ni ya chama, maana inaanzia kwao. Basi ndoo, kwa kukosa mwenyewe, zikajitafutia kazi. Gathogo akapanda vitunguu vya majani katika moja. Katika ya pili, kuku wa Mama Maximilla, mwalimu wa ushonaji, akataga mayai saba na kuatamia.

Ndipo barua ikaja: inspekta wa moto atafika Alhamisi, na ndoo zisipokuwa tayari, Ofisa wa Moto afutwe kazi. Sasa, Wamalwa na mkewe Tryphosa na watoto wanne walilala katika chumba nyuma ya jengo, chumba cha kazi. Kazi ikienda, chumba kinaenda.

"Mama, tafadhali, kuku ahame."

"Kuku anayeatamia hahamishwi! Wewe ulizaliwa Bungoma ama Ulaya?"

"Mzee, na vitunguu?"

"Si viko kwa mchanga? Inspekta anataka mchanga. Ataangalia chini ya majani."

Alhamisi, saa nne kamili, inspekta akapanda ngazi, sigara mdomoni. Wamalwa alikuwa nyuma yake na birika la chai ya watu ishirini. Inspekta akainama kuchungulia ndoo ya pili. Kuku akamdonoa pua. Inspekta akaruka, sigara ikaruka naye, ikatua katika kikapu cha vipande vya vitambaa. Moto!

"Mchanga!" wote wakapiga kelele.

Wamalwa akakimbilia ndoo ya kwanza. Gathogo alikuwa ameikumbatia kama mjukuu. Akageukia ya pili. Mama Maximilla alisimama mbele yake, mikono imetandazwa.

Basi akamwaga chai. Yote, na maziwa yake na sukari yake. Moto ukafa, na suruali ya inspekta ikalowa hadi magotini. Bahati nzuri chai ilikuwa vuguvugu. Tryphosa aliipika mapema kwa wasiwasi.

"Nani amewasha huu moto?" inspekta akauliza.

Wote walimtazama mdomo, pale sigara ilipokuwa.

Inspekta akakohoa, akaandika: *Ofisa wa Moto yuko macho. Aendelee.* Kisha akauliza kwa upole, "Chai imebaki?"

"Hapana, bwana. Imeenda kazini."

Vifaranga walipoanguliwa, Wamalwa alipaka birika rangi nyekundu na kutangaza sheria moja: ndoo zikiwa hazina mchanga mtupu, birika la saa nne halitoki.

Jumatatu, saa nne kasoro dakika tano, Mzee Gathogo alionekana akitoka Mto Sosiani, tai shingoni, karai la mchanga kichwani, mbio.