Maoni Yangu Kuhusu Moshi wa Samaki

Mimi ni mtu wa maoni. Nashona nguo kwenye baraza ya frem moja ya duka hapa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, na tangu nianze ufundi sijawahi kukaa siku nzima mdomo umefungwa. Wabunge, vijana wa siku hizi, wachungaji wanaouza mafuta ya upako, wanawake wanaoshona sare ya kila harusi huku nyumbani hawana choo: wote nimewahukumu mguu ukiwa kwenye cherehani. Wateja wanapenda. Wengine huleta suruali isiyo na tatizo lolote ili wasikie leo nitasema nini.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa mwanamke aliyekaanga samaki mbele ya baraza yangu. Mjane, mzaliwa wa Bujora, alinizidi kama miaka kumi. Nilimwita dada, yeye aliniita fundi. Alikuwa na jiko la mkaa, karai, na kabati la kioo juu ya meza. Kila nilipotoa neno kali alicheka mpaka akashika kiuno. "Fundi, wewe ungepewa wizara," alikuwa akisema. Nikitoka, yeye ndiye aliyelinda cherehani yangu. Binti yangu alipolazwa, alimpelekea uji wodini siku nne mfululizo bila kuombwa.

Ng'ambo ya barabara, tukitazamana, alikuwepo mwanamke mwenye duka la soda na vocha. Huyo hakuwa na maoni. Ukimuuliza habari za uchaguzi anasema, "Mungu ndiye anajua," kisha anaendelea kupanga chupa. Mimi nilimwona mjinga.

Siku moja alikuja bwana mmoja wa ofisi ya mtaa kupunguza suruali. Alikaa kwenye benchi langu akisubiri, akauliza tu, kama watu wanavyopoteza muda kwa fundi:

"Hivi nyie wenye frem mnawaonaje hawa wanaopanga biashara barabarani?"

Ningeweza kusema sina neno. Dada alikuwa ameenda mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia, kuchukua samaki. Lakini swali nilikuwa nimeulizwa, na jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia mji umegeuka jalala, kila mwenye karai anajiita mfanyabiashara. Mimi nalipia frem na leseni, halafu vitambaa vya wateja wangu vinanuka kama vimevuliwa ziwani.

"Huruma zenu ndizo zinaharibu mji," nikasema. Akacheka. Nilipoona amecheka, nikaongeza, "Ng'ombe hatolewi shambani kwa kubembelezwa."

Hakuandika chochote. Alichukua suruali yake akaenda.

Wiki iliyofuata mgambo walikuja saa tano asubuhi, wakaanzia kwa dada. Mmoja alipiga meza teke, kabati likaanguka na kioo kikasambaa. Mwingine alivuta karai likiwa jikoni, mafuta ya moto yakammwagikia dada mguuni. Alipopiga kelele, mkubwa wao akamwambia, "Mama, usitulaumu sisi. Majirani zako hapahapa ndio wamelalamikia moshi."

Nilikuwa kwenye cherehani. Sikuinuka mpaka gari lao lilipoondoka. Ndipo nikampelekea beseni la maji.

"Ni nani, fundi?" aliniuliza, mguu ukiwa ndani ya maji, ngozi imeanza kuinuka. "Nimemkosea nani mimi?"

Hapa sitajipamba. Sikutetemeka, wala sikuwaza muda mrefu. Niliinua macho nikatazama ng'ambo, nikasema, "Mtu asiyetoa maoni yake hadharani, dada, umewahi kujiuliza anayapeleka wapi?"

Alinyanyuka na mguu wake ule akavuka barabara. Watu wakasogea. Nilimsikia kutoka barazani.

"Umekula samaki wangu kila Jumamosi."

"Sijasema kitu," mwenye duka alijibu.

"Ndiyo. Wewe husemi kitu."

Akamtemea mate usoni. Yule mwanamke alijifuta kwa pembe ya khanga, akanitazama mimi. Siku ile bwana wa mtaa alipokaa kwenye benchi langu, yeye alikuwa dukani kwake, ametuona tangu mwanzo hadi mwisho. Angeweza kunyoosha kidole. Niliinama nikatunga uzi kwenye sindano, nikisubiri. Hakunyoosha. Alirudi ndani akaendelea na chupa zake.

Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nilimchukia, na nikaifanya chuki hiyo kuwa kazi. Kila mteja aliyetaka kwenda kununua soda nilimwambia, "Mimi pale sinunui," bila kueleza zaidi. Watu wa Igoma hawahitaji maelezo mengi. Mvua zilipoisha alikuwa ameshafunga duka. Nilisikia amerudi kwao Ukerewe. Siku anapakia rafu zake kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, hakuna jirani aliyemsaidia, na mimi nilishona gauni zima la ubatizo huku namwangalia.

Dada alihamia Usagara kwa mdogo wake. Mwaka jana niliteremka pale njia panda kubadilisha gari, nikasikia naitwa, "Fundi!" Alikuwa na meza mpya ndogo. Anachechemea. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akaulizia afya ya binti yangu, kisha akachagua sato mkubwa kuliko wote mezani na kumfunga kwenye gazeti. Nilipofungua pochi aliusukuma mkono wangu.

"Wewe ndiye pekee uliyeniletea maji," alisema.

Nikapokea samaki.

"Na yule mwanamke? Bado yupo?"

"Nasikia anaumwa sana," nilijibu. Sikuwa nimesikia lolote.

Alitikisa kichwa taratibu, akageuza vipande vilivyokuwa kwenye karai.

"Mungu halali," alisema.

"Halali kabisa, dada," nikamjibu, nikapanda gari.