Mzee Ngosha na Ng'ombe wa Wahispania

Shemeji yangu Mzee Ngosha wa Kiseke ni mfugaji mashuhuri. Ng'ombe hana, lakini fimbo anayo, na haiachi hata akienda chooni. Mifugo yake ya Magu aliiuza yote mwaka tisini na mbili, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akawa tajiri mtarajiwa, akanunua pikapu ambayo Wajapani walikwisha kuichoka. Ilifia Busisi ikisubiri kivuko. Kuku wa watu wanatagia humo.

Mwaka tisini na sita binti yake Rebeka, aliyekuwa akikata minofu ya sangara kiwandani, akaleta mchumba: Rodel, fundi wa majokofu, Mfilipino. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Baba akikataa, Rodel angepanda ndege peke yake, na Rebeka alikuwa hali wala halali kwa kuwaza hilo.

Rodel akatoa shikamoo safi kabisa. Kisha, ili kuchangamsha mazungumzo, akagonga meza na kusema kwao pia huitwa mesa; waliachiwa neno na Wahispania waliowatawala miaka mia tatu.

“Na dirisha?” Mzee akauliza.

“Bintana. La Wahispania.”

“Kijiko?”

“Kutsara. La haohao.”

“Ng'ombe je?”

“Baka,” akajibu Rodel akitabasamu, maskini. “Nalo la Wahispania.”

Mzee akasimama. “Mmesikia? Mtu huazima jina la kitu asichokuwa nacho. Hawa hawajawahi kufuga! Mahari atalipa nini?”

Rodel akajitetea kwamba nyati wa kulimia wanao, na jina lake ni la kwao wenyewe.

“Nyati! Binti yangu aposwe kwa mnyama wa porini!”

Ningeweza kumwambia kwamba meza hiyo nasi jina lake tuliachiwa na Wareno. Lakini chai ilikuwa haijaletwa, nami si mjinga.

Rebeka ndiye aliyeileta. Akaweka birika, akapiga goti, akasema taratibu, “Baba, sisi neno tunalo, letu kabisa. Ng'ombe ndio hatuna.”

Hakuna aliyecheka. Mzee akakaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

“Atawaleta lini?” akauliza.